Upande wa Chemchemi

Ilemela, Jumapili. Ni mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke mlimani.

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako anaendelea vizuri, goti limepoa.

Unauliza mpige hema upande gani wa mlima ili mpate maji. Ramani uliyotuma imenichanganya. Inaonyesha chemchemi iko magharibi, kunakoelekea jangwa. Mimi naikumbuka mashariki, ndani ya msitu. Sijui ni mlima uliogeuka au ni kichwa changu. Bibi yako anacheka: "Mzee, wewe hata sokoni Kirumba unapotea!"

Nikiwa kijana, mimi na kaka yangu tulipiga kambi palepale kwenye maji, tukawasha moto. Asubuhi akaja mama mmoja mfugaji. Mbuzi wake walisimama mbali na maji, wanaogopa moshi. "Nyie wanangu, mmelala mlangoni kwa nani?" Tulizima moto, tukahama.

Basi usiniamini mimi wala ramani. Bebeni maji ya siku mbili, muulizeni mfugaji mtakayemkuta, na hema likae mbali na chemchemi. Kisha uniandikie iko upande gani, maana mimi sitarudi huko.

Babu yako