Ndege ya Bati Yenye Kengele ya Ng'ombe

Kaka yangu Deng,

Ndege yako ya bati iko hapa dirishani, kwenye chumba cha wafanyakazi wa Nawoitorong, nyumba ya wageni ninapofua mashuka. Upepo wa Lodwar hauna adabu. Kila ukipita kengele yake inalia, na kila ikilia nageuka kana kwamba kuna mtu mlangoni. Nimechoka kugeuka. Simu yako haipatikani tangu uliporudi nyumbani Sudan Kusini ukaingia jeshini, kwa hiyo nakuandikia barua ambayo sijui nitampa nani aifikishe.

Unakumbuka tulivyofika kambini Kakuma? Siku ya tatu ndege ya msaada ilikuja kutua, mama akatusukuma wote wawili kwenye mtaro, akatulalia juu. Watu waliokuwa wakipita walisimama wakitushangaa. Mmoja akasema, "Mama, hiyo imeleta unga tu." Mama hakuinuka mpaka injini zilipozimwa. Kijijini kwetu ndege ya mizigo ndiyo iliyodondosha mabomu, na baba alikufa siku hiyo. Tungejuaje kwamba nyingine hubeba unga?

Nadhani ugonjwa wako wa kupenda ndege ulianzia hapo mtaroni. Ulipokua ukawa mtu wa maktaba ya shule, ukawa unarudi na picha ulizonakili kwa penseli, halafu ukaanza kukata mikebe ya mafuta ya mgao. Lakini hukutaka ndege yoyote tu. Ulitaka zile za kijeshi za majaribio, zilizoundwa, zikarushwa, zikapimwa, kisha zikafungiwa bila kuona vita. Ile ya mviringo kama chapati. Ile nyeupe, ndefu, yenye shingo ya korongo, ambayo ziliundwa mbili tu. Nilikutania kwamba unapenda vitu vilivyoshindwa kazi.

Ukanijibu bila kuinua macho: "Achol, ile iliyomuua baba iliundwa kubeba mizigo. Hizi ziliundwa kuua, na hazikumuua mtu vitani hata mmoja. Sasa niambie ipi imeshindwa kazi."



Uliyoipenda kuliko zote ni hii, yenye mabawa yaliyopinda kwenda mbele. Ulikuwa ukiigongagonga kwa jiwe nje ya nyumba, ndipo akapita Ekiru, yule Mturkana muuza mbuzi. Akachuchumaa, akaitazama sana, akapitisha kidole kwenye mabawa.

"Ejok, nzuri," akasema. "Hii pembe umepinda vizuri. Ng'ombe yako iko rangi gani?"

"Hii iko ndege, mzee."

"Ndege, sawa. Lakini ng'ombe iko wapi?"

Nilicheka mpaka mama akanikanya. Wewe hukucheka. Kwetu na kwao desturi ni moja: kijana hupewa dume lake, akalipinda pembe anavyopenda, akaliimbia, na watu wakamwita kwa jina la dume hilo. Sisi ng'ombe wetu walibaki kule kwenye moto, na wewe ulikuwa umefikisha umri bila dume wala jina. Ukafikiri kidogo, ukamwambia, "Ni mweupe. Anaitwa Mabior." Kesho yake Ekiru akarudi na kengele ya chuma, ya kufunga shingoni, akaifunga kwenye ndege mpaka pua ikainama kwa uzito. "Ng'ombe ya jina haichinjwi ovyo," akasema, "na haitembei bila kengele." Tangu siku hiyo mtaa mzima ukakuita Mabior, na nilikuona ukitembea kwa maringo kwenda kuchota maji.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Asubuhi ile ya kuondoka, begi likiwa tayari begani, uliniambia, "Naenda mafunzo tu. Kama zile ndege. Watatupima, basi." Nami nikakujibu kwa hasira, "Ile nyeupe haikwenda vitani, na bado moja ilianguka, tena siku ya kupigwa picha. Wewe ndiye uliyenisimulia." Ukanipa ndege mkononi, ukapanda gari. Sikukukumbatia. Nalijutia hilo kila siku, na hasira nayo bado haijaisha.

Wiki iliyopita mgeni mmoja kutoka huko uliko alileta habari kambini: mafunzo yenu yamekwisha, na barabara zikikauka mtapelekwa mstari wa mbele. Mama hajui. Nilimwambia zamani kwamba wamekuweka jikoni, unapika, na siku hizi anawaambia majirani kwa fahari kwamba Deng anapika ugali wa wanajeshi. Ndege ikitua hakimbilii tena mtaroni. Anasimama karibu na ua wa uwanja wa ndege, anaangalia wanaoshuka. Nimechoka kumdanganya, kaka. Nimechoka hata kuomba, maana naomba maneno yale yale na kuamka na hofu ile ile.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Wamekuunda, wamekupima, sasa shindwa kazi. Umwa tumbo. Potea njia. Poteza buti. Fanya lolote, ila usifike huko wanakokupeleka, na usimfikishe mtu mwingine mahali alipo baba. Rudi.

Watakuita mwoga. Wakikuita, itika. Litakuwa jina lako jipya la ng'ombe, na mimi mwenyewe nitakuita kwa jina hilo, kwa sauti, mbele ya Kakuma nzima, chakula kikiwa tayari.

Dada yako, ambaye bado anageuka kengele ikilia,
Achol