Diski ya Papa Elie

Jumamosi, Kasulu

Diski ni nzima. Mimi ndiye niliyemwambia imekufa.

Papa Elie, mwalimu wa kwaya kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliniletea ili nipige nyimbo zao kwenye harusi ya Heru Juu. Mashine yangu ya muziki ikakataa kuisoma, nikaifomati. Kufomati ni kufuta kila kitu, hilo nalijua, ndiyo kazi yangu. Nilidhani nimeshanakili nyimbo kwenye laptop. Kumbe nilinakili njia za mkato tu, majina matupu yasiyo na wimbo ndani. Nilipogundua nilikuwa nimeshajaza bongofleva juu yake.

Nusu ya waimbaji wale wameshahamia ng'ambo. Mke wake, aliyeongoza sauti ya kwanza, ni marehemu. Na mimi...

Leo alipoifuata nikasema imejifia yenyewe. Laiti angenigombeza.

“Mashini inakufaka, mwana yangu,” akasema, “kama vile mutu anakufaka.”

Kisha akaiwekea mkono, akafumba macho, akaiombea ifufuke. Mimi nikaitikia amina.

Ameniachia niendelee kujaribu. Nimeichomeka sasa hivi. Inapiga nyimbo zangu zote, hata moja haikwami.