Nani Mwenye Sisimizi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimemkuta sisimizi wangu kwenye gari la mtu! Yule yule niliyemchora mimi, na kidonge chake mgongoni. Ni nembo ya programu ya kaka, ile ya kuhesabia dawa madukani. Yeye na wenzake wanaiandika bure, na kila mtu ruksa kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza. Gari ni la muuza kompyuta wa mtaa wa juu. Tunamwita Tai Nyekundu, maana hata jua liwake vipi haivui shingoni. Nikampigia kaka. Eti programu ni huru, mwache auze. Haya, programu sawa. Na mdudu wangu je?

Jumatano, 6 Machi
Mambo yameiva. Tai Nyekundu kaichokoa programu mpaka inakosea hesabu. Mama wa duka la dawa, aliyeinunua kwake, kaja juu, kamfokea kaka mbele za watu: dawa za watoto zimemwishia, kompyuta inasema zimejaa! Yeye kaona sisimizi, kajua ni kazi ya kaka. Tena kumbe Tai Nyekundu ameshaomba sisimizi asajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Akikubaliwa, kaka na wenzake ndio watakaokatazwa kumtumia. Hana hata haya!

Ijumaa, 15 Machi
Kwa mwanasheria. Mama mkavu, hacheki ovyo, nimempenda. Anasema haya ni mambo mawili. Alama ya biashara husajiliwa. Mchoro ni wa aliyeuchora, hauhitaji kusajiliwa — yaani ni wangu mpaka niutoe mwenyewe. Kikundi cha kaka hakijaandikishwa popote, kisheria hakipo. Wa kumzuia Tai Nyekundu ni mimi! Nilivimba kichwa, sifichi. Tulipofika mlangoni kaka akasema: kwenye ukurasa wao aliandika kwamba vyote vilivyomo ni ruksa kwa yeyote. Vyote. Na sisimizi yumo.

Jumanne, 26 Machi
Naandika kwenye benchi, ofisi ya usajili wa alama za biashara, tulikopeleka pingamizi. Tumepewa mapumziko. Wakili wa Tai Nyekundu kauleta ule ukurasa, kautembeza chumba kizima. Sikutetereka. Nikasema aliyeandika pale siye aliyechora, na cha mtu hakigawiwi. Msajili akauliza, niliwahi kumruhusu kaka yangu? Hapana. Nikaitamka wazi, wa nyuma wakasikia. Tutashinda hii, naiona!

Ila kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Sasa ni zamu yake, kwa kiapo: aliniomba, au alijigawia tu? Akisema hakuniomba, sisimizi anabaki kwetu. Lakini wenzake wote wamekuja, wamejaa viti vya nyuma. Na ndiye anayewagombeza kila siku: usiweke humu kitu cha mtu bila kumuuliza! Juzi tu kamfukuza mmoja kwa picha ya kuazima. Namwonea huruma, jamani. Hasira ninayo pia.

Amekuja kukaa karibu yangu. Shati limemlowa. Kauliza kwa sauti ya chini, hivi kweli sikukuomba, mdogo wangu?

Hukuniomba, kaka. Na ungeniomba, ningekupa siku ile ile.

Kafumba macho. Karani anamwita ndani. Anamwita tena. Kaka hajainuka.