Matanga ya Tonton Fundi

Kashikishi, Nchelenge

Mama yangu mpenzi,

Naanza na goti lako: maumivu yamepungua? Na baba mdogo, kikohozi chake kimepata dawa au bado anatuficha? Huku sisi sote ni wazima, mimi, mume wangu na watoto. Odile akikusomea hapo, mwambie alirudie hilo neno "sote", kwa sababu najua ulivyoambiwa.

Papa Mwape wa boti alinifikishia maneno yako jana sokoni, mbele za watu: "Mama yako anasema hivi: juu ya nini ulimulilia mutoto wangu bila miye?" Mama, nilikaa chini palepale. Ni kweli alipita nyumbani akaona mikeka nje, moto, na wanawake wamejifunga vitambaa. Matanga yalikuwepo. Lakini hatukumlilia mwanao, kaka yangu, yaya Kalenga. Tulimlilia mtu wa kwenye televisheni.

Cheka kwanza, halafu Odile aendelee kusoma.

Unajua miezi hii serikali ya huku inafunga ziwa, samaki hawavuliwi, na sisi wauzaji tunabaki kukaa tu. Mama Béatrice, jirani yetu aliyetoka Lubumbashi, ana televisheni na sola, na ana ile filamu ya mfululizo ya watu wanaosafiri na chombo kati ya nyota. Ilianza kabla sijaolewa na mpaka leo haijaisha. Wanasema Kifaransa, yeye anatutafsiria. Utotoni ulikuwa unanigombeza kwa maswali yangu, ungeniona sasa! Wanapata wapi maji ya kufulia? Wanajuaje kwamba ni asubuhi, na jua wameliacha nyuma? Mama Béatrice akichoka ananiambia, "Mado, angalia kwanza, utauliza ku mwisho." Na mwisho wenyewe haupo, Mama. Ndiyo maana naipenda.

Fundi wao wa mashine ni mzee mmoja mnung'unikaji, anaongea na injini kama baba mdogo anavyoongea na baiskeli yake. Tunampenda kupita kiasi, tunamwita Tonton Fundi, kana kwamba ni mjomba wetu. Sasa siku moja akaingia katika chombo kidogo, mfano wa mtumbwi, aende kutafuta maji kwenye mwezi fulani. Hakurudi. Wakamwita kwa redio, kimya. Nahodha wao, ambaye ni mwanamke, akakataza mtu yeyote kukalia kiti cha Tonton. "Tunangoja," akasema. Flashi yenye filamu ikaishia hapo.

Sisi watu wa ziwani tunajua mtumbwi usiorudi maana yake nini. Mama Béatrice alilia kweli kweli, na kesho yake akasema, "Ule mutu alitumika kazi miaka yote ile, atakufa bila matanga? Haiwezekane!" Tukaanza kama mchezo. Tukatandika mikeka mchana kweupe, tukasonga bukari, tukapika maharage, tukapiga kelele za kilio huku tunafichana macho tusicheke. Mama Ngosa, mwenyeji wa hapa wa kabila la Wabemba, anayesali kanisa la jirani, akasikia, akaja na unga kichwani.

"Alikufa nani?"

"Ni papa moja wa mu televizio, mama."

Akatutazama mmoja mmoja. "Alikuwa mutu muzuri?"

"Muzuri sana."

"Basi, munipe nafasi, niikale."

Alipokaa ndipo mchezo ulipokwisha. Alimlilia Tonton kidogo, halafu akamtaja mume wake. Mama Béatrice akamtaja binti yake. Kila mwanamke akamwita marehemu wake, mpaka zamu ikanifikia mimi. Wakaningoja, maana wote wanajua kwamba yaya Kalenga alipanda boti kwenda kununua bidhaa wakati wa vita na mpaka leo hatujasikia neno. Mama, machozi yalikuwa yananitoka tayari, na jina lake lilikuwa mdomoni. Nikamkumbuka yule nahodha na kile kiti. Nikakukumbuka wewe unavyolianika koti la yaya juani kila Jumamosi ili lisishike ukungu. Nikasimama, nikaenda kukoroga maharage.

Hicho ndicho kilichotokea, na hakuna kingine.

Kama Tonton amerudi au hakurudi, sijui. Flashi nyingine inatoka Lubumbashi na nina hamu nayo vibaya sana. Mama Béatrice anasema akirudi tutamdai ule unga wa Mama Ngosa. Mimi najiuliza jambo jingine: mtu akirudi akute ameshaliliwa, anaingiaje nyumbani? Anabisha hodi kama mgeni? Wewe unaonaje?

Nisalimie Odile na mume wake wa cherehani, baba mdogo pamoja na baiskeli, na shangazi muuza mkaa ambaye najua ndiye wa kwanza kusema "si niliwaambia". Mwambie hakuniambia kitu.

Barua hii inavuka kuja Pweto na Papa Mwape huyo huyo. Bahasha nimeigundisha vizuri ili asiongeze maneno yake. Juu yake nimeandika jina lako lile lile unaloitwa tangu umzae kifungua mimba wako, Mama Kalenga, na sitakuandikia kwa jina jingine.

Mwanao,
Mado