Gari la Kilometa Kumi na Moja

Jumapili, 1 Septemba 2024
Gervas mwenye lori kapandisha tena bei. Elfu tisini kutoka Masasi mpaka hapa Newala, mzigo uleule wa sukari, sabuni na mafuta. Mwaka jana ilikuwa sitini na tano. Nimemuuliza lami imerefuka? Akasema basi nunua lako, Mama Ethel. Wapakizi wakacheka, hata yule ninayemnunulia chai.

Kilometa sabini na mbili. Ni shilingi elfu moja mia mbili hamsini kila kilometa. Nimepiga hesabu njia nzima, hasira haikupungua.

Benki nina milioni thelathini. Miaka kumi na minne, kuanzia karai la mihogo ya kukaanga. Na chama cha msingi kinatafuta magari ya kubeba korosho kutoka Makote mpaka ghalani. Ukaguzi Jumatatu, tarehe 7 Oktoba. Asiyeleta gari siku hiyo asubiri msimu mwingine.

Sawa. Nitanunua langu. Kirikuu, dogo tu la tani moja, lakini jipya. Nimechoka na vitu vilivyochoshwa na wengine.

Jumanne, 3 Septemba
Nimekwenda kwa Bwanali, mkopeshaji wa hapa mjini. Nimeweka rehani mikorosho ya Makote, ile niliyoachiwa na mama. Msimu mmoja, milioni nne. Mavuno yote ya mwaka huu ni yake, mwakani miti inarudi kwangu. Bwanali kanihesabia taratibu, anatabasamu kama mtu anayenionea huruma.

Kwa hiyo mwaka huu sina korosho. Gari lisipopata kazi ya chama, sina kitu.

Baba Ethel hakugomba. Miti ni ya ukoo wangu, hana neno. Lakini aliyeipulizia salfa mwaka huu ni yeye, kifua kinamkereketa mpaka leo. Jioni nimemwonyesha kirikuu kwenye simu, kasema kitu kimoja tu: gari la kwenye simu si gari, ni picha. Akaenda kuoga.

Ijumaa, 6 Septemba
Shorumu ya Dar wanataka milioni thelathini na tisa. Wakaniambia kwa upole kwamba bei haina mazungumzo. Ethel kanionyesha madalali wa mtandaoni, kazi yao kukutafutia punguzo. Nimepata watatu. Wote wananiita mama yangu. Wote bei ni ya leo tu, na ni yangu peke yangu.

Nikasema ngoja. Sisi huku tunauza korosho kwa mnada, kila mnunuzi anaandika bei yake bila kuona ya mwenzake, zinafunguliwa kwa pamoja, mkulima anakubali au anagoma. Nikawaandikia hivyohivyo. Mwisho leo saa kumi jioni. Simu nikampa Dorika, jirani yangu wa duka la vitenge, nisije nikachungulia.

Saa kumi tukafungua, wanawake wote wa kibarazani wamejaa. Thelathini na saba na laki nane. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na tano na laki tisa — huyu anaitwa Ashiru. Dorika akasimama kama mwenyekiti wa chama, akauliza wakulima mnasemaje? Tumegoma! Tumecheka mpaka wateja wakaja kuangalia.

Nikawaandikia wote: wakulima wamegoma. Leteni bei nyingine.

Jumapili, 8 Septemba
Mmoja kajitoa. Wa pili kapandisha, anasema dola imepanda. Ashiru kimya.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikumbuka ule mwaka tuliogoma kwenye mnada wa kwanza, mvua ikanyesha, korosho zikalowa, mnada wa pili tukauza kwa aibu. Ukigoma uwe na pa kukalia.

Alhamisi, 12 Septemba
Ashiru katuma sauti. Thelathini na nne na laki nne! Kwa pigo moja kashusha milioni moja na nusu.

Dorika badala ya kufurahi akauliza hiyo milioni na nusu nani anaila. Nikampigia Ashiru nikamuuliza hivyohivyo. Sauti ya kijana, ina haraka, ina adabu. Anasema anachukua magari kumi kwa mkupuo, kwa hiyo shorumu wanampunguzia. Inaingia akilini. Mimi mwenyewe sukari nikichukua mifuko hamsini bei inashuka.

Milioni ishirini nailipa shorumu moja kwa moja, baada ya gari kuonekana. Inayobaki anaitanguliza yeye, namrudishia gari likifika Masasi, ndipo dereva wake ananipa ufunguo na kadi. Laki nne ya juu nitaitoa dukani. Nimekubali.

Nimejiona fundi. Naandika ili nikumbuke.

Jumatano, 18 Septemba
Godwin, mtoto wa dada yangu aliyeko Dar, kaenda kuliona kwa macho yake. Lipo. Jeupe. Viti bado vina nailoni. Kanitumia picha ya dashibodi: kilometa 11. Nimemwonyesha Baba Ethel. Kaishika simu mbali, kaitazama sana. Kasema, picha nzuri.

Nimelipa milioni ishirini.

Jumatatu, 30 Septemba
Lilitakiwa kuwa Masasi jana. Ashiru anasema bima. Asubuhi alisema kibao cha namba. Nimemkumbusha ukaguzi ni Jumatatu ijayo. Kasema mama yangu, usiwe na presha.

Nimemlipa Gervas elfu tisini nyingine. Kauliza lile lako limefika wapi. Nikamwambia njiani.

Jumatano, 2 Oktoba
Hakuna. Ashiru hapokei. Usiku mvua ya rasharasha imepita Makote. Bwanali kanunua maturubai ya kufunikia korosho.

Ijumaa, 4 Oktoba
Naandika Masasi, kwenye benchi la mama lishe. Gari liko mbele yangu. Bado si langu.

Jana jioni Ashiru alipokea. Gari limelala Lindi, leo mapema litakuwa Masasi. Nikasema siwezi kulisubiri stendi na Gervas ananitazama. Lazima lipite Nanganga, njia ya Lindi ni hiyo moja. Nitalisimamisha pale, nipande, niingie Masasi ndani ya gari langu. Nimevaa kanga mpya. Mambo ya kitoto, najua.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimekaa kando ya barabara Nanganga. Mabasi. Malori ya saruji. Pikipiki za mkaa. Sikwenda hata kujisaidia, nisije likanipita. Saa nne simu: shikamoo mama, mimi Joel, dereva, nimeshafika Masasi, nakusubiri.

Nikapanda Hiace ya watu.

Joel ni kijana mpole, macho mekundu ya usingizi. Gari jeupe, nailoni bado kwenye viti. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza Nanganga amepita saa ngapi. Saa mbili, mama.

"Saa mbili nilikuwa nimekaa Nanganga, mwanangu. Nakuangalia usivyopita."

Nikafungua mlango, nikamwambia awashe. Dashibodi: 1,437.

Toa kumi na moja. Elfu moja mia nne ishirini na sita. Dar mpaka hapa kwa njia ya Lindi haizidi mia tano tisini. Nikazunguka nyuma. Bodi limefagiliwa vizuri sana, lakini kwenye bawaba za mlango wa nyuma kuna punje za mahindi. Chini, vumbi jekundu. Huyu hakuja kutoka Lindi. Kaja kutoka upande wa Tunduru! Dar mpaka Songea na mzigo, Songea mpaka huku na mahindi. Joel akajibu akitazama viatu vyake: mama, mimi natumwa.

Na kijitabu cha gari kinasema servisi ya kwanza kilometa elfu moja. Zimepita, hakuna aliyegusa oili. Waranti sijui inasemaje hapo.

Nimempigia Ashiru. Sikupiga kelele, sina nguvu hizo. Yeye wala hakukana.

"Mama Ethel, uliwashindanisha watu watatu mpaka nyama ikaisha kwenye mfupa. Ulidhani hiyo tofauti naitoa mfukoni kwangu? Gari limejilipia punguzo lake lenyewe. Injini nzima, tairi nzima. Lipia uende zako kwenye ukaguzi."

Ukaguzi anaujua. Mimi ndiye niliyemwambia.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu yake imekaa sawa. Punguzo langu limelipwa na matairi yangu.

Nikamwomba dakika kumi, nikapiga hesabu yangu. Kilometa zilizozidi ni mia nane thelathini na sita. Gervas ananitoza elfu moja mia mbili hamsini kwa kilometa. Ashiru naye ametumia gari langu, alipe kama ninavyolipa mimi: milioni moja na elfu arobaini na tano. Nikamwambia nalipa milioni kumi na tatu, laki tatu na elfu hamsini na tano. Inayobaki ni kodi ya kutumia gari langu.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema basi Joel ageuze gari, atanirudishia milioni ishirini yangu akipata mteja mwingine. Alipokuwa anakata simu nikasikia anasema na mtu pembeni, mama huyu bwana.

Sasa ni saa tisa. Nimemnunulia Joel ugali na maharage, hajala tangu jana. Kaniambia mwenyewe: posho imeisha, mafuta yamebaki robo. Robo haifiki hata Lindi. Kwa hiyo Ashiru hawezi kuliondoa bila kutuma hela nyingine. Na mimi siwezi kuondoka bila gari, Jumatatu ndiyo hiyo. Tumekaa. Atakayempigia mwenzake kwanza ndiye aliyelowa.

Baba Ethel kapiga. Nimemwambia gari lipo, nalitazama. Kauliza, picha? Nikasema hapana, gari kabisa, mpaka limebebea watu mahindi. Akasema basi kama lina mahindi lete hata hayo. Nimecheka peke yangu, mama lishe kanigeukia.

Upepo umepita stendi, vumbi limejaa kioo cha mbele. Sijui niliinuka saa ngapi. Nimejikuta nimesimama pale, nafuta kioo kwa kanga yangu mpya, taratibu, mpaka pembeni kwenye mpira. Nilipogeuka Joel alikuwa ameacha kula, ananitazama.

Nimerudi kwenye benchi. Joel kasogea kando na simu yake, anaongea chini chini, kanipa mgongo.

Sasa yangu inaita. Ni Ashiru.