Gurudumu Lisilo na Dawa Kali

Jumanne, 4 Machi

Basi ndiyo hivyo. Daktari wa kifua kanikataza kazi. Si mafua, si vumbi, si uzee — ni ile dawa ya kugandishia mpira, isosayaneti. Mwili wangu umeshaichukia, na mwili ukishaichukia hausamehe tena. Hata tone! Miaka yote namimina magurudumu ya vitanda vya hospitali, leo kifua kinasema tosha. Nikauliza, nikivaa barakoa nzuri zaidi je? Akasema barakoa yangu ni mlango wa kutokea.

Nje ya kiwanda kile sijui kazi nyingine. Nimelia kwenye ngazi za zahanati, watu wanapita.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja — mume wa mdogo wangu, mkemia wetu kiwandani. Anasema siku hizi wataalamu wamepata njia ya kutengeneza poliyurethani, mpira huu wa magurudumu yetu, bila isosayaneti kabisa. Unachukua mafuta ya mimea, unayalisha hewa ya ukaa, hiyo hiyo tunayoitoa puani, kisha unagandisha kwa dawa nyingine isiyo na mvuke ule. "Dada, nipe wiki mbili tatu. Hutoki pale." Mdogo wangu, na tumbo lake la miezi saba, akatania: eti mumewe amekosa kumnunulia feni, sasa anamjengea dada mtu kiwanda cha kupumulia! Nikacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, mdogo wangu akanipa maji.

Jumatano, 12 Machi

Bosi amekubali, kwa shingo upande. Gurudumu jipya likifaulu kwenye mashine ya majaribio, mapipa ya zamani yataondoka, mimi nitabaki. Lisipofaulu, nirudishe ovaroli. Nimepewa chumba cha nyuma, mlango wake, feni yake. Vyombo vya upande wa pili, kwenye isosayaneti, vina mstari mwekundu — marufuku kuvuka huku.

Tumemimina la kwanza. Limeshinda kwenye oveni na bado linanata kama peremende iliyolambwa.

Lakini nimepumua! Siku nzima, pampu ya pumu sijaigusa. Nilikuwa nimesahau raha yake.

Alhamisi, 20 Machi

La nne limepasuka. Mashine haikulipa hata heshima — pwaa! Shemeji anasema minyororo ya mpira huu mpya inatoka mifupi, haishikani vizuri, hata wenye maabara kubwa wanahangaika nayo. Macho yake mekundu, hali wala halali. Bosi kapita, kakisukuma kipande kwa ncha ya kiatu, kaenda zake. Jumatatu ndiyo mwisho aliotupa.

Sitaki tena kutumaini. Kunachosha kuliko kumimina. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema — mimi hata kutapatapa kumenishinda. Nimemwambia Shemeji tuache. Kanijibu, "Hilo niachie mimi, Dada." Hakunitazama.

Jumatatu, 24 Machi

Limefaulu! Mashine imelibana, imelivuta, imeliviringisha na mzigo juu — zima! Watu wamepiga makofi. Bosi kanishika mkono, mara ya kwanza tangu anijue.

Na mimi nataka kufa.

Asubuhi nilifungua oveni mwenyewe. Joto likanipiga usoni, kifua kikabana pale pale. Nikatoka nje na pampu, nikajiambia ni wasiwasi tu. Nikarudi, kikabana tena. Shemeji alikuwa kwenye sinki anasuuza kikombe cha kupimia. Kina mstari mwekundu.

"Kidogo tu, Dada," akanong'ona. "Bila hicho lisingeshika, na wewe ungeondoka." Akaanza kulia, mwanamume mzima.

Nimtukane? Nimshukuru? Nikisema, yeye hana kazi, mdogo wangu na tumbo lile hana pa kuegemea, na mimi niko nje vilevile. Nikinyamaza, nitakuwa naivuta dawa ile kila siku, kidogo kidogo, na watu wananipigia makofi.

Naandika nimejifungia chooni. Wageni wa hospitali wamefika, Bosi anataka waone fundi aliyepona. Anagonga. Fundi, u mzima humo? Nafungua mdomo niitike, sauti haitoki. Pampu nimeiacha kwenye ovaroli, chumba cha nyuma.

Namsikia Shemeji akimjibu badala yangu: mzima kabisa, Bosi, siku hizi anapumua vizuri —