Maji ya Kubeba Mwenyewe

Kitangari, Newala
14 Machi 1993

Mpendwa Ndugu Reginald, na kwa kinywa chako wapiganaji wenzangu wote wa umoja wetu wa wanafunzi Wakristo,

Nawasalimu katika mapambano yasiyo na likizo. Nawasalimu ninyi mliosimama nami mvuani siku za mgomo, mliokesha nami katika maombi, mliokataa pamoja nami kwamba elimu iwe bidhaa ya mwenye mfuko mnene. Je, hamjambo? Afya zenu zinaendeleaje? Na kile kikohozi chako, Reginald, kimekuacha, au bado kinahubiri kabla yako? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mvua zinaendelea vizuri, mahindi yamebeba, na mikorosho imepumzika baada ya msimu kama wazee waliokwisha kusema yao. Baba anawasalimu sana, ingawa anashangaa mnalishwa nini huko hata mkawa na sauti kubwa hivyo.

Barua yako imenifikia salama kwa mkono wa kondakta wa basi la Masasi. Unasema adhabu yangu ya kusimamishwa masomo kwa ajili ya ule mgomo inamalizika karibu, kwamba mmekwisha kulitangaza jina langu kuwa mhubiri wa mkesha wa Pasaka hapo chuoni, na kwamba mnasubiri kutoka kwangu neno moja tu, ndiyo. Nitawajibu. Lakini nakusihi, ndugu yangu, usirukie mstari wa mwisho kama unavyosoma magazeti, kwa maana jibu langu halitaeleweka pasipo njia iliyonifikisha kwenye jibu hilo.

Mnakumbuka nilivyoondoka, na sanduku moja, na hasira isiyoenea sandukuni. Baba yangu, Mzee Sultani, alinipokea stendi ya Newala na baiskeli yake. Nilimwamkia shikamoo nikingoja karipio. Akaitikia marahaba, akalifunga sanduku kwenye kerieri, akasema kwamba hata aliyefukuzwa chuo hula ugali, basi twende. Soko la Newala sikulitambua. Pale tulipopanga foleni utotoni kwa kipande cha sabuni, sasa pana vilima vya mitumba, redio za kila namna, na wanunuzi wa korosho wanaomvuta mkulima huku na huku kwa maneno matamu. Juu ya yote hayo, vipaza sauti vya wahubiri, kila mmoja na hema lake. Nikajiambia kwamba katika nchi hii kila kitu kimefunguliwa: biashara, vyama, na sasa mimbari. Nami nikaiona nafasi yangu.

Jumapili iliyofuata nilipanda juu ya kreti ya soda katika gulio la Kitangari, nikahubiri. Mnanijua. Niliuliza ni nani aliyelala, ni nani atakayeamka, ni nani atakayebaki mtazamaji wokovu unapopita mlangoni pake. Akina mama walipiga vigelegele, vijana walirusha kofia juu. Niliposhuka, mama mmoja aliyemshika mkono binti yake mdogo, ambaye watu wa huku humwita Mama Mabel kwa jina la binti huyo, alinishukuru kwa moyo wote. Kisha akaniuliza kwa unyenyekevu: nimewaambia waje kwa Bwana, nao wamekuja, je, kesho asubuhi wafanye nini? Reginald, sikuwa na kesho. Nilikuwa na leo tu, leo kubwa yenye moto. Nikamwambia aendelee kuomba, nikajifanya nimeitwa mahali.

Jioni ile, tukibangua korosho za kula nyumbani, baba alisema sauti yangu imefika hadi msikitini, na mwadhini amemuuliza kama ameletewa mtu wa kumpokea zamu. Alicheka mpaka machozi. Alipotulia, akanieleza kwamba yeye alikaa kwenye mkeka wa mwalimu wake tangu akiwa na meno ya utoto hadi ndevu zilipochomoza, akirudia aya alizokwisha kuzirudia, na siku zote hizo hakuruhusiwa kumfundisha hata mbuzi. Akataka kujua mkeka wangu uko wapi. Baada ya hapo aliniuliza swali jingine, nitakalowaeleza mbele kidogo, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo. Kulipokucha alinipeleka mwenyewe kwa mama mkubwa, Mama Veridiana, dada wa marehemu mama yangu. Akamwambia shemeji yake kwamba binti huyu ana paa zuri mno, linang'aa hata kwa mbali, ila anaomba asaidiwe kuchimba msingi.

Mama Mkubwa ni mwalimu wa dini aliyefunzwa misheni ya Lulindi, na darasa lake ni njia ya maji. Ninyi wa kufungua bomba hamtanielewa upesi. Uwanda wetu uko juu, maji yako chini bondeni. Mtu hushuka na mtungi mtupu, hupanda na mtungi uliojaa, na mtelemko mzima una vituo vya mawe yaliyopangwa ili abebaye apate kutua. Wanaofundishwa humfuata Mama Mkubwa kwenda na kurudi. Kila kituo cha kupanda kina swali lake, nalo huulizwa kabla ya kutua. Ukijibu sawasawa, unatua na kupumzika. Usipojibu, unatua vilevile, maana Mama Mkubwa si katili, lakini kesho swali lako litakungoja hapo hapo.

Kituo cha kwanza niliulizwa imani ni nini. Mtungi kichwani, nilianza na manabii, nikapitia Waraka kwa Warumi, nikageukia wanafalsafa. Nyuma yangu Mama Mabel, naye akiwa miongoni mwa wanaofundishwa, akasema binti Sultani afupishe, maji yana uzito na shingo zilizosimama hapa si yake peke yake. Njia nzima ilicheka. Nami nilicheka, maji yakanimwagikia hadi kifuani. Mama Mkubwa hakunikaripia. Alisema kwamba yote hayo ni mazuri na yatafaa siku nyingine, ila sasa niyaseme kwa pumzi ya mtu aliyebeba. Nikajaribu. Nikasema imani ni kumtegemea Mungu kama alivyojionyesha katika Kristo, na kumtii. Akaniambia nitue.

Wenzangu, hiyo ndiyo mizani niliyopewa. Ni maneno yangu mangapi ambayo mtu aliyebeba angeweza kuyasema? Tulipokuwa tukipaza sauti pale uwanjani, tulikuwa tumebeba nini? Siulizi ili kuwalaumu. Nauliza kwa sababu niliiona mizani hiyo ikipima kweli, nami nikiwa nimesimama palepale.

Msimu wa korosho ulipochanganya, hema moja lilikuja Kitangari na jenereta yake. Sasa Mabel, yule binti, ana kifafa. Vidonge vyake hutoka hospitali, na mama yake huvifunga katika pindo la khanga ili asivipoteze. Mhubiri alipopata habari hiyo, alimwita mama huyo mbele, akamtaka avitupe vidonge machoni pa watu wote, kwa kuwa, alisema, imani yenye vidonge ni nusu ya imani, na Mungu haponyi nusu. Nilikuwa katikati ya umati. Nataka mnielewe vizuri: mtu yule alikuwa hodari. Aliuliza maswali yanayofanana na yangu. Alinyamaza mahali ninaponyamaza mimi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya kipaza sauti chake, na mimi niliyezoea kukatiza wakubwa nikajificha nyuma ya mabega ya watu.

Mama Mabel alikuwa amelishika lile fundo la khanga. Ni mama gani asiyetaka mwanawe apone leo hii? Umati ukamhimiza atupe. Mhubiri akamsogezea kipaza sauti ili aseme kwamba ameamini. Ndipo akasema, kwa sauti ileile fupi ya njiani, kwamba kituo cha nne wamefundishwa hivi: Mungu huponya kwa njia aipendayo, kwa maombi na kwa dawa, na zote ni zake. Kwa hiyo Mchungaji akipenda amwombee mtoto, naye atashukuru sana, lakini vidonge vitakaa hapa vilipo. Kisha kutoka nyuma, walipokuwa wamekaa wanawake wa maji, mmoja akaitikia, na wengine wakamfuata: tua, mama, upumzike.

Mabel yu mzima. Anakwenda shule, na jana ameniomba nimfundishe kusimama juu ya kreti. Nimemwambia tutaanza na mtungi.

Sasa niwajibu. Swali ambalo baba aliniuliza jioni ile ni hili: mimi ninayewaita watu waingie, mwenyewe niliingia lini, na kwa mlango upi? Sikumjibu, kwa sababu sijawahi kubatizwa.

Someni tena kama hamkuamini macho yenu. Mama yangu alikuwa Mkristo wa Lulindi, baba yangu ni Mwislamu wa Newala, nao waliahidiana kwamba mtoto wao atachagua akiwa na akili zake. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Nilimkuta Kristo shule ya sekondari, katika nyimbo na mikutano, nikampenda kweli, hilo silifuti. Lakini nilikimbia moja kwa moja hadi mimbarini. Mliniwekea mikono, mkanichagua kiongozi, nikawaombea, nikawafundisha. Mlilijua jina la baba yangu. Hamkuuliza, nami sikusema. Nilidhani moto unatosha. Baba ndiye aliyeniambia kwamba hawezi kunichagulia nyumba, lakini nyumba yoyote ya heshima haiingiwi kwa dirisha. Tangu asubuhi ile alipomkabidhi Mama Mkubwa binti yake, nimekuwa miongoni mwa wanaofundishwa, pamoja na wakulima wenye mvi na watoto wa umri wa Mabel, nikiwa mwanafunzi kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jibu langu ni hapana. Siwezi kuhubiri mkesha wa Pasaka, kwa kuwa usiku huo ndio nitakaobatizwa. Futeni jina langu kwenye matangazo, na mkitaka kunikasirikia, kasirikeni, mnayo haki. Ila chuoni nitarudi muhula ukifunguliwa, na moto wangu nitakuja nao. Kwetu moto haulaumiwi. Hutafutiwa mafiga.

Desturi ya hapa ni kwamba anayebatizwa hubeba mwenyewe maji ya ubatizo wake kutoka bondeni, wala hasaidiwi njiani. Ni kituo cha mwisho tu, mlangoni pa kanisa, ambapo mzazi huruhusiwa kumpokea mzigo. Nilikwisha kujiandaa kutua peke yangu. Wiki iliyopita nikapata habari kwamba baba, bila kuniambia, alipanda baiskeli akaenda kwa Padre kuuliza kama mtu asiye wa kanisa anaweza kusimama mahali pale. Padre alimjibu kwamba desturi inasema mzazi, na haisemi zaidi ya hapo. Baba amekwisha kuitoa kanzu yake ya Idi ifuliwe. Mwaka huu niliodhani nimenyang'anywa, Reginald, nimepewa. Namshukuru Mungu kwa walionifukuza, na kwa waliokuwa wakinisubiri.

Nisalimieni wote walio na kiu ya haki, na hata wale tuliozoea kubishana nao. Waambieni nimepunguza maneno. Mama Mkubwa anawatakia Kwaresima njema, na Mama Mabel anauliza kama huko kwenu kuna mtu anayeweza kubeba mtungi bila kuushika. Kama yupo, mleteni. Ninyi wote ninawaalika, na baba amekwisha kutenga korosho za wageni.

Tutakutana Jumamosi Kuu, tarehe kumi Aprili, saa tisa alasiri, chini bondeni, kwenye maji. Kila mmoja aje na mtungi wake.

Mimi mwenzenu,
Anjelina binti Sultani